Kazi, Kaya na Msimu: Mgawanyo wa Muda wa Wapagazi wa Unyamwezi katika Njia ya Tabora, 1850–1944

Utangulizi

Mtendeni ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora. Jina lake huashiria mahali penye mtende, na mtende si mti wa asili wa Unyamwezi. Ni mti uliofuatana na wafanyabiashara wa Kiarabu waliojenga tembe zao Unyanyembe katika karne ya 19. Majina ya namna hiyo, pamoja na miembe iliyosalia kando ya njia ya zamani, yamehifadhi kumbukumbu ya matajiri wa misafara kuliko kumbukumbu ya watu waliobeba mizigo yao. Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwa jina la njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina hilo linamtaja mtumwa na linaitaja pembe. Mpagazi wa ujira hatajwi.

Makala haya yanamhusu mpagazi huyo, na hasa namna alivyogawanya muda wake kati ya kazi ya ujira na kaya yake. Swali hilo limechaguliwa kwa sababu mijadala ya siku hizi kuhusu mpangilio nyumbufu wa kazi nchini Tanzania huanzia ofisini, na mara nyingi huchukulia kwamba kazi ya ujira ilianza ikiwa na saa zisizobadilika, kisha ikalegezwa kidogo kidogo kwa hisani ya mwajiri au ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imejengwa juu ya mtazamo huo: inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, kisha inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, wiki ya kazi iliyobanwa ambayo mfanyakazi anaweza kufikisha saa 12 kwa siku. Kanuni hutangulia, nafuu hufuata. Historia ya Tabora inaonyesha mwelekeo wa kinyume. Kazi ya ujira iliyoenea zaidi katika eneo hilo kabla ya ukoloni ilianza ikiwa imefungwa kwenye kalenda ya kilimo na mahitaji ya kaya, nayo ilinyang'anywa wepesi huo hatua kwa hatua katika kipindi cha miaka isiyozidi 60.

Hoja hii ina mpaka wake, nao utajadiliwa kwa urefu hapa chini: wepesi wa muda aliokuwa nao mpagazi mwanamume ulilipiwa, kwa sehemu kubwa, na watu wengine wa kaya yake ambao hawakuwa na hiari kama yake.

Vyanzo vinavyotumika ni maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, yakisomwa sambamba na kazi za wanahistoria wa baadaye, hasa Andrew Roberts (1970), John Iliffe (1979), Thaddeus Sunseri (2002) na Stephen Rockel (2000 na 2006). Wasafiri wa Kizungu walikuwa waajiri. Waliandika habari za wapagazi kama mwajiri anavyoandika habari za mtumishi aliyemchelewesha, na lugha yao ya lawama haina budi kusomwa kwa jicho hilo. Hata hivyo, malalamiko ya mwajiri yana faida moja kwa mwanahistoria: huonyesha tarehe na mahali ambapo matakwa ya mwajiri na ya mfanyakazi yaligongana.

Kalenda ya shamba na kalenda ya safari

Unyamwezi una msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia takriban Novemba hadi Aprili, ukifuatiwa na kiangazi. Mtama, uwele, mahindi, viazi vitamu, karanga na, katika mabonde, mpunga, vyote hutegemea msimu huo. Kazi ya kulima na kupanda haingoji. Siku chache zikipotea mwanzoni mwa mvua, mavuno ya mwaka mzima hupungua. Baada ya mavuno, kwa upande mwingine, nguvu kazi ya wanaume haikuwa na kazi nzito ya shambani kwa miezi kadhaa. Ni katika nafasi hiyo ambapo safari ya pwani iliingia. Misafara mingi ya Wanyamwezi wenyewe iliondoka mvua zilipokwisha, njia zilipokauka na chakula kilipopatikana vijijini, nayo ilijitahidi kurejea kabla ya mvua mpya.

Kwa hiyo upagazi ulianza kama sehemu ya mwaka wa mkulima. Chumvi, majembe ya chuma na bidhaa nyingine za bara zilikuwa zikisafirishwa kwa mabega kabla ya pembe za ndovu kutawala biashara hiyo, na Roberts ameonyesha jinsi mitandao hiyo ya awali ilivyowawezesha Wanyamwezi kufika pwani kwa hiari yao, tangu karibu na mwaka 1800, kabla Waarabu hawajakaa Unyanyembe. Kufikia katikati ya karne, safari ilikuwa imeingia katika malezi. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walizoezwa kubeba vipembe vidogo begani tangu utotoni. Alfred Swann wa London Missionary Society alieleza baadaye kwamba kijana hakuruhusiwa kuoa kabla ya kupeleka mzigo wa pembe pwani na kurudi na mzigo wa nguo au waya. Pengine Swann alikuza desturi kuwa sheria, lakini maana ya habari yake ni bayana. Safari ilimpa kijana mali na heshima ya kuanzisha kaya, na kwa hiyo haikuweza kupangwa bila kuizingatia kaya.

Kufika kwa Burton mwezi Novemba ni mfano mzuri wa mgongano wa kalenda hizo mbili. Wapagazi wake wa Kinyamwezi waliajiriwa pwani kwa safari ya kufika Unyanyembe. Walipofika Kazeh walitua mizigo wakaondoka kwenda makwao, mvua zikiwa zinaanza. Burton alilazimika kukaa hapo hadi Desemba akitafuta watu wengine wa kumpeleka Ujiji, na maandishi yake ya kipindi hicho yamejaa manung'uniko. Kwa upande wa wapagazi, hapakuwa na jambo la ajabu: mkataba ulikuwa umekwisha na jembe lilikuwa linangoja. John Hanning Speke na James Grant waliingia Kazeh Januari 1861, katikati ya msimu wa kilimo, wakakwama Unyamwezi kwa miezi mingi kwa kukosa wapagazi. Vita vya mtemi Mnwa Sele na Waarabu vilizidisha shida hiyo. Hata hivyo, vita pekee havielezi ugumu wa kupata watu katika miezi ya mvua, kwa kuwa ugumu huo ulijirudia katika miaka ya amani pia.

Kilichoitwa utoro katika maandishi ya wasafiri kinahitaji kutenganishwa. Kuna mpagazi aliyepokea sehemu ya ujira wake kabla ya kuondoka akatoweka na nguo usiku wa kwanza. Huyo alivunja ahadi kwa kipimo chochote, na misafara ya Wanyamwezi wenyewe haikumvumilia. Kuna aliyeondoka kwa sababu posho ilipunguzwa au msafara ulilazimishwa kupita katika nchi yenye vita. Na kuna aliyeondoka kwa sababu mwajiri alimshikilia kupita msimu. Vitabu vya Wazungu vinawaweka wote watatu katika fungu moja. Rockel amefanya kazi kubwa ya kuwatenganisha, na ni juu ya msingi huo ambapo inawezekana kuusoma utoro wa aina ya tatu kuwa njia ya mpagazi ya kulinda mpaka kati ya kazi na nyumbani, pale ambapo mazungumzo yalishindikana.

Saa za kazi njiani

Mgawanyo wa muda haukuishia kwenye misimu ya mwaka. Siku ya msafara nayo ilikuwa na mpaka uliojulikana. Jogoo alipowika kambi iliamka. Kirangozi alipiga ngoma yake, akatangulia na bendera, na hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita bila kutozwa faini. Mwendo uliendelea hadi saa nne au saa tano asubuhi, kabla jua halijawa kali. Baada ya hapo mizigo ilitulwa, na sehemu iliyobaki ya siku ilikuwa ya watu wenyewe: kujenga vibanda, kutafuta maji na kuni, kununua chakula vijijini, kupika, kushona, kuuguza vidonda, na jioni ngoma.

Mpangilio huo haukuwa wa bure. Mzigo wa kawaida ulikuwa takriban frasila mbili, yaani karibu kilo 32, na wabeba pembe walizidisha. Mtu aliyebeba uzito huo kwa zaidi ya kilomita 800 kutoka Bagamoyo hadi Tabora hakuweza kudumu bila mchana wa mapumziko. Mpaka wa siku ulikuwa kinga ya mwili. Ndiyo maana terekeza, yaani mwendo wa kuendelea alasiri hadi usiku ili kuvuka nyika isiyo na maji kama Mgunda Mkali, ulihitaji makubaliano ya pekee. Wapagazi waliukubali palipokuwa na sababu ya maji. Mwajiri aliyeudai kila siku kwa sababu ya haraka zake alikuta kambi nzima imekaa chini, mizigo haiinuliwi. Mgomo wa namna hiyo, uliofanywa asubuhi mbele ya rundo la mizigo, ulikuwa silaha yenye nguvu kuliko utoro, kwa kuwa uliwaweka wapagazi wote upande mmoja na mwenye mali peke yake upande wa pili.

Burton mwenyewe, bila kukusudia, ametoa ushahidi wa thamani kubwa katika jambo hili. Aliigawa misafara katika aina tatu: ya Wanyamwezi wenyewe chini ya mtongi wao, ya watumwa au mawakala waliotumwa na matajiri wa pwani, na ya Waarabu waliosafiri na mali zao. Katika aina ya kwanza, aliandika, wapagazi walitembea tangu macheo hadi saa nne au tano, mara chache wakitembea mara mbili kwa siku, wakabeba pembe kubwa bila kulalamika ingawa mabega yalichunika, na walivua nguo zao njiani ili zibaki mpya za kuonyeshwa nyumbani. Watu hao hao, wakiwa katika msafara wa kukodiwa, aliwaona wakaidi na wazito. Burton alieleza tofauti hiyo kwa tabia. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba katika msafara wa kwanza wapagazi walishiriki kuamua mwendo, mapumziko na siku ya kurudi. Ile nguo iliyokunjwa ndani ya mzigo inaeleza zaidi kuliko kurasa nyingi za lawama: mtu aliyeko Ugogo, uchi nusu, akiwa na vidonda begani, tayari alikuwa akijiona anaingia kijijini kwake.

Ujira wa safari na ujira wa mwezi

Namna ya malipo iliyapa matakwa hayo nguvu. Mnyamwezi kwa kawaida aliajiriwa kwa safari: kutoka kituo hadi kituo, kwa vipande vya nguo za merikani na kaniki, waya au shanga, pamoja na posho ya nafaka iliyopimwa kwa kibaba. Malipo hayo hayakuongezeka kwa kukawia. Kila siku iliyopotea kambini ilikuwa hasara ya mpagazi, na kila siku iliyookolewa ilikuwa yake. Waungwana wa Zanzibar na Mrima, ambao waliajiriwa kwa wingi na misafara ya Wazungu kuanzia miaka ya 1860, walilipwa kwa mwezi, kwa dola za fedha. Kwao, kusimama hakukupunguza ujira.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyopewa kwa kawaida. Mkataba wa mwezi humpa mwajiri muda wote wa mfanyakazi, awe na kazi ya kumpa au la. Mkataba wa safari humpa kazi fulani tu, na muda unabaki kuwa mali ya anayeifanya. Habari za David Livingstone zinaonyesha matokeo yake. Alikaa Kwihara kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akiwangoja watu walioajiriwa na Henry Stanley pwani. Walipofika, aliondoka nao mwishoni mwa Agosti kuelekea kusini, na masika yaliwakuta katika vinamasi vya Bangweulu, ambako alifariki mwanzoni mwa Mei 1873. Hao walikuwa watu wa mkataba wa muda, wasiokuwa na shamba la kurejea karibu. Mpagazi wa Unyanyembe aliyeajiriwa kwa safari hangekubali kwa urahisi kuianza safari ya namna hiyo ambayo dhahiri ingepita ndani ya mvua.

Isidhaniwe kwamba soko hili lilikuwa huru kila mahali. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, ameeleza katika tawasifu yake jinsi wapagazi wake wa nyuma ya pwani walipotoroka katika safari zake za mwanzo, naye akaingia vijijini mwao na kuwakamata wazee na jamaa zao hadi watu wakapatikana. Kaya, ambayo mpagazi alikimbilia, iligeuzwa kuwa dhamana ya mwajiri. Wanyamwezi wa Unyanyembe walikingwa na hali hiyo kwa kiasi fulani na nguvu ya watemi wao na kwa wingi wa waajiri waliowahitaji. Vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilivyoanza mwaka 1871 vilifunga njia ya Ujiji na kuvuruga mpangilio wote, lakini pia viliongeza thamani ya mpagazi aliyekuwa tayari kusafiri.

Kaya iliyosafiri na kaya iliyobaki

Njia moja ya kuunganisha kazi na kaya ilikuwa kusafiri na kaya. Rockel, katika makala yake ya mwaka 2000 kuhusu wanawake wa misafara, amepinga taswira ya msafara kuwa ulimwengu wa wanaume. Wake wa wapagazi walibeba vyungu, mikeka, nafaka na watoto; walipika, walitwanga, walinunua na kuuza chakula vijijini, na wengine walibeba mizigo ya ujira. Njiani wapagazi walijigawa katika makundi madogo ya kula pamoja na kulala pamoja, na mwanamke katika kundi kama hilo alibadilisha hali ya maisha ya watu watano au sita. Mpagazi mwenye mke safarini alikula vizuri zaidi na aliuguzwa alipougua. Waajiri waliojali walilitambua hilo wakawapendelea waume wenye wake. Wengine waliwaona wanawake kuwa midomo ya ziada ya posho.

Utani nao ulifanya kazi ambayo leo ingeitwa hifadhi ya jamii. Uhusiano wa utani kati ya Wanyamwezi na makabila mengine ya njiani, wakiwamo Wazaramo, ulimpa msafiri mgonjwa mahali pa kulala, na maiti watu wa kuizika. Mtu aliyefia mbali na ukoo wake hakuzikwa kama mgeni.

Lakini wake wengi hawakusafiri. Kwa kaya iliyobaki, safari ya mume ilimaanisha miezi ambayo ulinzi, ukarabati wa nyumba na kazi zote nzito ziliwaangukia wanawake, wazee na vijana. Mume aliporudi kwa wakati, hesabu ilikamilika. Alipochelewa, mke alianza kulima peke yake. Na kadiri biashara ya pembe ilivyokua baada ya miaka ya 1850, ndivyo walivyoongezeka wapagazi wa kudumu, waliosafiri mwaka baada ya mwaka bila kujali sana msimu. Wakati huo ndipo suluhisho la tatu lilipoenea: kununua mtumwa. Mpagazi au mtongi aliyefanikiwa alitumia mapato yake kununua watu, wengi wao wanawake, waliotekwa magharibi na kusini, ili walime badala ya wale waliosafiri. Mwishoni mwa karne maafisa wa Kijerumani waliitaja Tabora kuwa miongoni mwa maeneo yenye watumwa wengi zaidi katika koloni lao.

Jambo hili huwatia wasiwasi watafiti wanaotaka kumrejeshea mpagazi heshima yake, na ni haki liwatie wasiwasi. Mtu yule yule aliyegoma dhidi ya terekeza, aliyelinda mchana wake na msimu wake wa kilimo, aliweza kuwa na mtumwa nyumbani asiyekuwa na msimu wala mchana. Rockel ana haki anaposisitiza kwamba upagazi wa Wanyamwezi ulikuwa kazi ya ujira ya watu huru, si utumwa. Kutokana na hilo haifuati kwamba uhuru huo haukutegemea utumwa. Mambo hayo mawili yalikaa katika boma moja, na uchambuzi unaolitaja la kwanza pekee unaiacha nusu ya kaya nje ya historia.

Kodi, reli na kipande

Mwaka 1893, baada ya mapigano marefu, jeshi la Kijerumani liliivunja nguvu ya mtemi Isike wa Unyanyembe. Kuanzia miaka ya mwisho ya karne hiyo kodi ya nyumba ilianza kudaiwa, kwa fedha au kwa kazi. Kodi ilileta kalenda ya tatu, isiyofuata mvua wala soko. Wanyamwezi waliendelea kusafiri, sasa pia kuelekea mashamba ya mkonge na mpira ya Usambara na Tanga na kwenye kambi za ujenzi wa reli. Sunseri ameonyesha kwamba katika awamu hiyo ya mwanzo wafanyakazi kutoka Unyamwezi walibeba desturi za msafara hadi shambani: walifika na wake zao, walidai viwanja vya kulima chakula, na waliondoka walipoona masharti hayafai. Walowezi waliokuwa na haja kubwa ya watu walikubali, kwa shingo upande.

Katika Usambara kwenyewe utawala ulichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 1907 wanaume wa wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto, walipewa kadi iliyowalazimisha kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila kipindi cha miezi minne. Kwa juu juu, mpango huo ulikuwa mlegevu: mtu alichagua siku zake ndani ya miezi hiyo na kulala nyumbani kwake. Wenyewe walowezi walipenda kuueleza hivyo. Tofauti yake na desturi ya wapagazi ni kwamba hiari ilihusu siku tu. Kazi yenyewe haikukataliwa.

Reli ya Kati, iliyojengwa na kampuni ya Philipp Holzmann kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905, iliingia Tabora mwaka 1912 na kufika Kigoma mwaka 1914. Treni ilimaliza kwa muda mfupi biashara ya mabega katika njia kuu. Safari ya miezi ikawa ya siku, na jambo hilo lingeweza kumsogeza mfanyakazi karibu na nyumbani. Haikuwa hivyo. Vita Kuu vilipoanza, upagazi ulirudi ukiwa hauna mkataba wala msimu: pande zote zilikusanya watu kwa nguvu, na Tabora ilipotekwa na jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, wiki chache kabla ya kulima, wanaume waliendelea kuchukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Kwa wengi katika kizazi kile neno pagazi lilipoteza fahari yake katika miaka hiyo.

Chini ya Waingereza kadi ilirejea kwa sura mpya. Kipande kilikuwa na visanduku 30, na kila kisanduku kiliwekwa alama mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa kwa siku moja. Malipo yalitolewa kadi ilipojaa, hata kama kujaa huko kulichukua muda mrefu zaidi ya siku 30. Mfanyakazi aliyemaliza kipimo chake mapema aliweza kuondoka, na asiyejisikia kufanya kazi siku fulani aliiacha. Idara ya Kazi iliyoanzishwa mwaka 1926 chini ya Granville Orde-Browne ilikuta utaratibu huo umeshika mizizi mashambani. Waajiri waliulalamikia kwa sababu hawakujua asubuhi watapata watu wangapi, na waliudumisha kwa sababu kila kadi isiyojaa ilikuwa ujira ambao bado haujalipwa. Katika utaratibu huu kuna mwangwi wa mkataba wa safari: kipimo ni kazi, si saa. Ila katika safari mpagazi aligharimia ucheleweshaji ambao mara nyingi yeye na wenzake waliweza kuuzuia. Katika kipande ugonjwa wa siku tatu ulisogeza mbele siku ya mshahara wa mwezi mzima.

Wepesi wa kipande ulimfaa hasa yule aliyekuwa na nyumba karibu na shamba la mkonge. Msambaa au Mbondei aliweza kukosa kazini siku ya kupanda mahindi yake, akarudi keshokutwa. Mnyamwezi wa Tabora, aliyekuwa zaidi ya kilomita 800 kutoka kwa mkewe, alikuwa na siku huru ambazo hazikumfikisha popote. Kwake mgawanyo wa mwaka ndio uliokuwa na maana, na huo ndio uliopotea. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua wa mkonge, iliyowachukua watu kutoka mikoa ya mbali, ya magharibi ikiwamo, kwa mikataba mirefu iliyopita msimu mmoja wa kilimo na zaidi. Watu hao waliitwa manamba, kwa nambari walizopewa. Mkataba wa namba ulihesabiwa kuanzia siku ya kuandikishwa, si kuanzia mavuno. Mwanamume aliyeandikishwa Oktoba na kupanda treni aliiacha mvua ya Novemba kwa mkewe, kwa mama yake au kwa jirani, na ya mwaka uliofuata pia.